Mungu Hafungui Njia ya Panya



Neno la leo ni la wale wanaotafuta kazi ng'ambo ya mpaka, hasa wenye ujuzi mkononi: mafundi, mainjinia, wauguzi, walimu. Lakini hata kama hujawahi kuvuka mpaka wowote, usipite. Soma hadi mwisho, linakuhusu.

Mimi kila wiki naletewa karatasi niziombee. Pasipoti, fomu za viza, barua za kazi. Nashukuru Mungu kwa imani hiyo, na karibu zote naziwekea mikono. Lakini mwaka 2025 kuna faili moja niliyokataa kuitia mafuta, na wengine wenu mliuliza kwa nini. Mwenye faili amenipa ruhusa nisimulie. Jina lake nalihifadhi.

Ndugu huyu ni injinia wa mitambo. Kwa miaka mingi alitunza pampu kule mgodi wa titani wa Kwale, zile zinazosukuma mchanga uliochanganyika na maji. Sisi wa Pwani tunajua yaliyotokea. Desemba 2024 uchimbaji ulifika mwisho kwa sababu madini ya kulipa gharama yalikuwa yameisha. Hakufutwa kwa kosa lolote. Lakini mshahara ukikoma umekoma, hata kama hukukosea.

Akaja kwangu na wazo. "Pasta, Kwale imeisha, lakini Geita bado wanasaga mawe. Nataka nifungue kampuni ya ushauri Tanzania. Mgodi ukisumbuliwa na pampu, kinu au karasha, waniite nikague, niwaambie shida iko wapi."

Wazo zuri kabisa. Dhahabu inachimbwa Geita, inachimbwa upande wa Kahama, inachimbwa Tarime ambako ukivuka tu mpaka wa Migori umefika. Mitambo huko inafanya kazi usiku na mchana, na mtambo wowote unaochakaa unahitaji mtu anayeuelewa.

Halafu akafungua faili. Kulikuwa na broka aliyempangia kila kitu. Avuke mpaka kwa muhuri wa mtu anayekwenda kutembea. Kampuni iandikishwe kwa jina la kijana wa huko ambaye hajawahi hata kumwona, awe mwenye kampuni kwenye karatasi tu. Vibali "vitafuatwa baadaye". Na kulikuwa na pesa za kupitisha chini ya meza. Ile chai mnaijua. Ndugu alitaka tufunge siku 3 ili mlango ufunguke.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, kufunga nitafunga na wewe. Lakini hapa sioni mlango. Hii ni njia ya panya, na Mungu hafungui njia ya panya."

Mkewe alikuwa ameketi kando yake. Akanitazama akasema, "Pasta, watoto hawali leseni."

Sikumjibu haraka, kwa sababu alisema kweli. Karo ilikuwa inadaiwa, na akiba ilikuwa inapungua kila mwezi. Ni rahisi mchungaji kuhubiri subira wakati sufuria yake iko jikoni. Kwa hivyo sikumhubiria. Nikawaomba tufungue Biblia, tusome, halafu waamue wenyewe.

Tulifungua kitabu cha Ezra, sura ya 5 na ya 6. Nenda ukasome mwenyewe leo jioni. Wayahudi wametoka uhamishoni, wanalijenga upya hekalu. Zerubabeli na Yeshua wako kazini, manabii Hagai na Zekaria wanawatia moyo. Kazi ni ya Mungu, hakuna ubishi. Ndipo anakuja Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto, na maswali mawili. Anataka kujua nani amewapa ruhusa ya kujenga, na anataka majina ya wajenzi.

Wapendwa, angalieni vizuri. Wazee wa Wayahudi hawakumkemea Tatenai. Hawakusema ametumwa na adui. Walimjibu kwamba mfalme Koreshi, katika mwaka wake wa kwanza, alitoa amri ya kuijenga nyumba hii. Liwali akaandika barua kwa mfalme Dario, kumbukumbu zikatafutwa, na lile gombo likapatikana katika nchi ya Umedi. Ile ruhusa ilikuwa imeandikwa na kuwekwa. Dario akaamuru wasisumbuliwe, tena gharama zilipwe kutoka katika kodi ya mfalme. Mtu aliyekuja kuuliza karatasi ndiye aliyeishia kuagizwa agharamie kazi.

Nikamuuliza injinia wetu: siku ukisimama mbele ya meneja wa mgodi, au mbele ya afisa wa uhamiaji, naye akakuuliza maswali hayo mawili ya Tatenai, utajibu nini? Nani amekupa ruhusa? Huna. Jina lako ni nani? Kampuni ina jina la mtu mwingine. Utaanza kazi ya baraka kwa majibu mawili ya uongo?

Akanyamaza. Mkewe pia akanyamaza.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Sisi huiona leseni kama kizuizi, ushuru wa kututesa. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Mungu mwenyewe aliweka sharti la ujenzi, na sababu yake ilikuwa uhai wa jirani.

Sasa fikiria mgodi. Chini kule kuna watu. Maji yanatolewa kwa pampu, hewa inaingizwa kwa feni. Mshauri akija, akaangalia pampu, akatia sahihi kwamba iko sawa, watu watashuka kwa kuamini sahihi ile. Ikiwa amekosea, na hajasajiliwa popote, na kampuni ni ya jina la kuazima, mama wa yule kijana aliyefia chini atamtafuta nani? Leseni inamfanya mgeni atafutike. Mgeni mwenye leseni anawaambia wenyeji: nikiwakosea, mnajua nyumbani kwangu. Huo kwangu ni upendo wa jirani, hata kama umepigwa mhuri wa serikali.

Basi tukafunga siku 3, na baada ya kufunga tukaketi na karatasi. Nawaandikia tuliyoyapata kwa sababu wengine wenu mna njia hiyo hiyo mbele yenu.

Kwanza ni taaluma. Tanzania, mtu hafanyi kazi ya uhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mgeni husajiliwa kwa muda. Hapo ndipo usajili wake wa nyumbani, kwa Bodi ya Wahandisi Kenya, ulipomsaidia. Mwaka 2012 bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana. Kwa miaka mingi alikuwa akilipa ada yake ya bodi hapa Kenya na watu wakimcheka kwamba anatupa pesa. Kumbe alikuwa akiweka gombo.

Pili ni kampuni. Inaandikishwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kisha namba ya mlipa kodi inatoka TRA. Kisha leseni ya biashara yenyewe: ziko za kundi A zinazotolewa na BRELA, na za kundi B zinazotolewa na halmashauri. Usikisie yako iko kundi gani. Uliza.

Tatu ni mwili wako mwenyewe. Kampuni kuwa na leseni hakumaanishi wewe unaruhusiwa kufanya kazi. Kuna kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015, na kuna kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Anayejiajiri huomba daraja A. Hapa ndipo Wakenya wengi huanguka, maana tunasema sisi ni Afrika Mashariki, soko ni la pamoja tangu 2010. Ni kweli, lakini soko la pamoja halijafuta vibali.

Nne ni madini yenyewe. Kanuni za mwaka 2018 zinataka kampuni ya kigeni inayotaka kuuzia migodi bidhaa au huduma iungane na kampuni ya Watanzania, na hao Watanzania wapate angalau asilimia 20 ya hisa. Tume ya Madini ndiyo inayosimamia. Kanuni hizi hurekebishwa, kwa hivyo soma zilizopo siku unayoomba, usisome za rafiki yako aliyeomba zamani.

Wakati tuko katikati ya hayo, Julai 2025, Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ukiwemo uchimbaji mdogo wa madini. Mnakumbuka kelele zilizokuwa mitandaoni. Ndugu yetu alinipigia simu usiku, moyo umeshuka. Tukaisoma orodha pamoja, moja baada ya nyingine. Ushauri wa kihandisi haukuwemo. Alilala. Wapendwa, hofu nyingi tunazokesha tukizikemea zingetulia tukisoma tu kilichoandikwa.

Sasa, ile asilimia 20. Wengi huona ni kunyang'anywa, na hapo ndipo broka hupata nafasi ya kukuuzia jina la uongo. Lakini soma 1 Wafalme sura ya 7. Sulemani alipohitaji mtu wa kazi ya shaba alimwita Hiramu kutoka Tiro, ng'ambo. Huyo ndiye mtaalamu wa mitambo aliyeitwa kutoka nje. Na Biblia inaona vyema kutuambia kwamba mama yake alikuwa mjane wa kabila la Naftali. Alikuwa mgeni mwenye ndugu halisi ndani ya nchi. Nikamwambia injinia, usitafute jina la kuazima. Tafuta mwenza wa kweli, mtu anayejua kazi, atakayepata faida ikija na atakayeona hesabu zote.

Ilimchukua miezi kumpata. Ni fundi wa umeme wa Mwanza, mwenye kampuni yake ndogo, mtu ambaye kwenye simu ya kwanza alimuuliza maswali magumu kuliko afisa yeyote. Nikafurahi niliposikia hivyo. Mtu anayekuuliza maswali kabla ya kutia sahihi ndiye utakayemwamini baada ya kutia.

Najua mnasubiri niseme leseni ilitoka siku ya 7 saa 7. Siwezi kusema hivyo. Usajili wa bodi umetoka. Kampuni imeandikishwa, na jina lake mwenyewe limo, pamoja na la mwenzake. Kibali cha kazi bado, tunangoja. Wakati huu anatengeneza pampu za visima hapa Ukunda na Msambweni, na mkewe amefungua kibanda cha maandazi na chai. Si maisha waliyoyazoea. Juzi yule mama alinifuata baada ya ibada akaniambia, "Pasta, bado watoto hawali leseni. Lakini baba yao analala usingizi." Nimelitafakari neno hilo tangu siku hiyo.

Wako waliosema nilikosa imani. Kwamba mtumishi wa Mungu angetamka tu na milango ingefunguka. Ndugu zangu, naamini miujiza, nimeiona kwa macho yangu. Lakini sijaona mahali katika Biblia ambapo Mungu alimsaidia mtu kudanganya afisa. Hata Nehemia, baada ya kuomba na kufunga, alimwomba mfalme barua za kuwaonyesha maliwali njiani. Aliyeomba usiku ndiye aliyeomba barua mchana.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa. Labda huna habari ya migodi. Labda ni saluni isiyo na leseni, ni gari la abiria lisilo na bima, ni cheti ulichonunua mtaani, ni dada aliyeko Ghuba na jina lisilo lake kwenye karatasi. Jiulize maswali ya Tatenai leo, kabla hajafika mwenyewe. Nani amenipa ruhusa? Na jina nililoandika ni langu? Kama jibu linakuuma, usikate tamaa na usijifiche. Njoo tuketi na karatasi. Ofisi ya kanisa iko wazi Jumanne na Alhamisi, na kuna mawakili na wahasibu katika ushirika wetu walio tayari kukusomea fomu bila malipo.

Tuombe.

Baba, tunawaleta mbele zako wote wanaongoja barua, vibali na leseni, hapa na ng'ambo. Wape chakula cha leo wakingoja. Wape maafisa wenye haki, na wale wanaodai chai uwaguse mioyo. Watoe mabroka njiani mwao. Uwape wenza wa kweli katika nchi za ugeni. Na siku watakapoulizwa majina yao, wayataje bila kuona haya. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika Amina, na umtumie mtu mmoja aliye na faili mkononi leo. Mungu awabariki.