Polenta na Bukari

Katika zoezi la tafsiri la mwaka jana tulipewa kipande cha riwaya ya Alessandro Manzoni, I promessi sposi, tukitoe katika Kifaransa na kukitia katika Kiswahili. Ni pale katika sura ya sita, Renzo anapoingia nyumbani kwa Tonio na kumkuta amepiga goti penye meko akikoroga polenta, watoto wamesimama kando wakikodolea chungu macho. Mimi niliandika "bukari". Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya neno hilo, na pembeni akaweka alama ya kuuliza, kubwa kuliko ilivyohitajika.

Sikubisha. Polenta yenyewe sikuwa nimeiona. Nilijua tu kwamba ni unga na maji na chumvi, na kwangu mimi mtoto wa Lubumbashi, unga wa mahindi ukikutana na maji ya moto jina lake ni moja.

Mwezi wa Desemba yaya wangu akavunjika mkono. Yaya anaishi Italia, katika kijiji kimoja cha bonde la Seriana, juu ya mji wa Bergamo, ambako anamtunza bibi wa miaka 91. Analala humo humo. Akipoteza kazi anapoteza na kitanda. Nikapata viza ya siku 90 (hadithi ya viza hiyo ingejaza gazeti hili zima) nikaenda kuwa mkono wake wa kuume.

Bibi huyo nilimwita nkambo, kama ninavyowaita wazee wa kwetu, naye akaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa tangu kuzaliwa. Alikuwa ameacha kula. Supu ya pakiti aliigusa kwa ncha ya kijiko, kisha akasukuma sahani. Mwanawe alikuja kila Jumapili kumpima kwenye mzani, na Jumapili yangu ya pili akasema, kwa upole kabisa, kwamba mama akizidi kupungua itabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Yaya alinitafsiria maneno hayo akitazama dirisha. Yaliyobaki sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikajiambia: unga upo, maji yapo, na mimi nasonga bukari tangu nikiwa na miaka minane. Nikachemsha maji, nikatia unga, nikasonga kama mama alivyonifundisha, kwa mabega. Dakika kumi na tano haikuisha, bukari ukawa umekaza, wa manjano, unang'aa. Nkambo akapewa tonge na mchuzi. Akaonja, akatema kwenye kitambaa, akasema neno moja ambalo hata mimi nililielewa: cruda. Mbichi!

Nilikasirika, nakiri. Kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mama bukari wake ni mbichi.

Kesho yake nkambo alijikokota mwenyewe mpaka jikoni, akaketi karibu na jiko la chuma la kuni, akaelekeza fimbo kwenye chungu cha shaba kilichotundikwa ukutani. Unga wao ni wa chenga, unakwaruza vidoleni kama mchanga wa mto. Kwa lita moja ya maji huwekwa gramu 250 au 300, basi, na unamwagwa kidogo kidogo toka kiganjani, kama mvua isiyo na haraka. Kisha unakoroga. Dakika kumi, ishirini, thelathini. Kila nilipoinua mwiko, fimbo iligonga sakafu. Bukari unataka nguvu mwishoni. Polenta haitaki nguvu yako, inataka saa yako. Ilichukua dakika 50. Madirisha yote yalilowa mvuke, nje theluji inaanguka, na ndipo nilipoelewa kwa nini hiki ni chakula cha majira ya baridi: moto unaopika ndio unaopasha nyumba, na anayekoroga ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Nani angesimama hapo mwezi wa Agosti?

Nilimimina polenta juu ya ubao. Nkambo hakutaka kisu. Alichukua uzi, akaupitisha chini kwa mikono inayotetemeka, akauvuta juu, kipande kikakatika sawasawa. Akala viwili, pamoja na jibini na kabichi iliyopikwa na soseji. Kisha akaelekeza fimbo kwenye chungu tena. Alitaka ukoko. Nikamkwangulia, akautafuna polepole kwa meno yake machache, nami nikacheka mpaka yaya akaja kuuliza kuna nini.

Tangu siku hiyo alikuwa akisema jikoni. Kiitaliano changu kilikuwa cha dukani tu, lakini yaya naye, baada ya miaka tisa huko, alikuwa haelewi nusu. Nkambo hakusema Kiitaliano. Alisema lugha ya Bergamo, ya mama yake. Kiitaliano alikipata shuleni, na sasa kilikuwa kinatangulia kuondoka. Tuliokota tulichoweza. Utotoni polenta ilikuwa asubuhi na jioni. Samaki mmoja wa chumvi alining'inizwa juu ya meza, na kila mtu akagusisha kipande chake hapo, apate harufu. Nikamkumbuka babu yangu na posho yake ya unga katika kambi ya Union Minière.

Watu wa kusini mwa Italia huwatukana wa kaskazini kwa neno polentoni, walaji polenta, na tusi hilo lina kaburi ndani yake. Maskini wa Lombardia na Veneto waliokula polenta tupu walipata ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuhara na kurukwa na akili. Francesco Frapolli, tabibu wa Milano, aliuandika mwaka 1771 kwa jina la wakulima wenyewe: pellagra, ngozi iliyokwaruza. Wenyeji wa Meksiko, waliokuwa na mahindi tangu zamani, waliyachemsha na chokaa au majivu, na hivyo kufungua vitamini ambayo punje huificha. Ulaya ilichukua punje, ikaacha mapishi. Hata jina halikusafiri: Waitalia waliyaita granturco, nafaka ya Kituruki, na sisi tukayaita mahindi, kama kwamba yalitoka kwa Wahindi. Yalitoka Amerika. Sijui lugha mbili zilizokosea kwa kufanana namna hii.

Ile riwaya niliisoma tena huko, jioni, nikisubiri maharagwe ya supu yaive. Polenta ya Tonio ni ya kijivu! Si ya mahindi hata kidogo. Ni ya nafaka nyingine, ile wanayoiita ya Wasaraceni. Na Manzoni anaeleza kwamba ukubwa wake ulipimwa kwa mavuno ya mwaka, si kwa idadi ya walaji. Alama ya kuuliza ya mwalimu ilikuwa na haki, ila sidhani naye alijua kwa nini.

Jumapili ya tano nkambo alikuwa ameongeza kilo moja na nusu. Mwanawe alipanda juu ya mzani mwenyewe kuhakikisha haukuharibika.

Sasa ni Julai, Lubumbashi nayo ina baridi yake, na juzi nilikoroga polenta dakika 50 juu ya mbabula, mama akihesabu makala yanayoisha. Alionja. "Ulienda Ulaya miezi mitatu kujifunza kuchelewesha bukari?" Lakini ukoko aliumaliza yeye.

Yaya bado yuko kule. Plasta imetoka, sasa yeye ndiye anayegongewa fimbo. Nami tafsiri naitoa upya wiki ijayo. Sentensi zote ziko tayari. Katika ile ya Tonio nimeacha nafasi ya neno moja, na bado ni tupu.