Bulyaga: Ujirani wa Wazee Wetu na Haki ya Mjane

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela, akifika Tukuyu wakati wa masika, huukuta mji umejifunika ukungu na Mlima Rungwe umefichika nyuma ya mawingu. Kata yetu ya Bulyaga imo ndani ya mji huu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Nyuma ya maduka na ofisi bado ipo migomba, na wapo wazee wanaokusimamisha njiani wakuulize, "Ugonile?", nao hawakuachii mpaka wajue mama yako ameamkaje.

Sisi tuliolelewa hapa katika miaka ya 1990 tuliyaonja mabaki ya maisha ya kale. Wakati wa likizo tulipelekwa vijijini kwa babu zetu. Huko watoto wa kiume tulikula kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Sinia moja la ndizi na maharage, na maziwa ya mgando yakipatikana. Hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani. Wazee waliuita mwenendo huo ukwangala, yaani kukaa, kula na kuzungumza kwa furaha pamoja na wenzako.

Asili ya jambo hilo ni kubwa kuliko tulivyodhani utotoni. Zamani Wanyakyusa walijenga vijiji kwa marika. Wavulana wa miaka kumi hivi walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko na kurudi kwa mama zao kwa ajili ya chakula tu. Walipooa, wake zao walihamia huko, na vile vibanda vya watoto vikawa kijiji kamili. Kizazi kikikomaa, sherehe ya ubusoka iliwakabidhi vijana uongozi wa nchi. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliuandikia mfumo huo kitabu mwaka 1951, na jina la kitabu hicho lina maana ya usuhuba mwema.

Tunayakumbuka hayo kwa shauku, hasa leo ambapo jirani hujenga ukuta kabla hajajenga nyumba. Hata hivyo, insafu yatutaka tuutaje na upande wa pili. Usuhuba ule ulikuwa wa wanaume. Mwanamke alipika, akaleta sinia, akarudi jikoni. Mke wa mtoto hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, aliacha njia akajificha migombani. Aliyekula peke yake, au kuwazidi wenzake kwa ng'ombe, alinong'onwa kuwa mchawi, na kwa hiyo ukarimu wa wengi ulichanganyika na hofu. Mume akifa, mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu.

Tungependa kusema hayo yamepita. Miaka michache iliyopita alifariki muumini mmoja wa msikiti wetu, akaacha mke na watoto watatu. Kabla eda haijaisha, shemeji zake walimtaka achague: aolewe na mmoja wao, au aondoke na kuiacha nyumba pamoja na shamba la chai. Sisi wa kamati tulijua. Tulikuwa tumekaa na watu hao kwenye mkeka mmoja wa msiba, tumekula nao, tukaona haya kuuvunja ujirani. Katika daftari letu tuliandika michango ya msiba hadi shilingi ya mwisho. Juu ya mirathi hatukuandika neno. Mama yule aliondoka na watoto wake kwa basi la alfajiri.

Chuoni tulisoma, na darsani tumefundisha, kwamba Sura An-Nisaa, aya ya 19, imeharamisha kuwarithi wanawake kwa nguvu, na aya ya 12 imempa mjane thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, baada ya wasia na madeni. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo imemwacha mjane huru kuishi apendapo na kuolewa na amtakaye. Elimu tulikuwa nayo. Mbele ya majirani ulimi ukawa mzito.

Mwaka jana wawili wetu tulimfuata kwao kumwomba radhi. Alitukaribisha chai, akatusikiliza, kisha akasema, "Wanangu, mngeyasema siku ile mlipokuwa mnakula kwangu." Hatukuwa na jibu. Alikubali tumfuatilie shauri lake katika mahakama ya mwanzo, nalo bado halijaisha.

Tangu hapo kamati imeweka utaratibu. Akifariki muumini, kabla mkeka wa msiba haujakunjwa, wajumbe wawili pamoja na mama mmoja wa darsa la akina mama huenda kwa mjane, huorodhesha mali na madeni mbele ya ndugu wote, na kumweleza haki yake. Tunaziomba kamati za misikiti mingine, Rungwe na kwingineko, zifanye hivyo. Ukwangala wa wazee wetu tungali tunautaka, ila safari hii mjane naye awe na nafasi mkekani. Mwenyezi Mungu atusamehe tulipozembea, na atupe nguvu ya kuisema haki mbele ya tunaowapenda. Amin.