Kabla ya Kumhukumu Mlinda Mlango

Wiki mbili zilizopita nilikuwa miongoni mwa watu watano tuliokabidhiwa kazi ya kumpima mhadhiri kijana aliyeomba kuthibitishwa kazini. Mezani palikuwa na karatasi moja, nayo ilionesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi wake walikuwa wamefeli. Mwenyekiti akasema takwimu hazidanganyi. Tukamkatalia. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakonisumbua, kwa sababu nilikwisha kufundishwa namna nyingine ya kupima.

Nilifundishwa Kanada, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Mzee mmoja mwenyeji wangu, aliyedaka ujanani mwake, alinipeleka kutazama hoki ya barafuni. Mlinda mlango wa timu ya nyumbani alifungwa mabao manne, nami nikaungana na umati kumzomea. Mzee akaniuliza, "Kijana, umehesabu alipigiwa mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu. Akanieleza kwamba aliyefungwa manne katika mashuti 20 amezuia asilimia 80; aliyefungwa manne katika mashuti 40 amezuia asilimia 90. Ubao wa matokeo hauwatofautishi. Hata asilimia hiyo, aliongeza, haijui shuti lilitoka wapi. Kile kisahani cha mpira mgumu kikipigwa kutoka mbali, kipa akikiona, ni kazi ya kawaida. Kikipitishwa ghafla mbele ya lango kutoka upande mmoja hadi mwingine, au kikipigwa huku mchezaji mkubwa amemziba macho, ni jambo jingine kabisa.

Kisha akanifundisha kutazama miguu kabla ya mikono. Lango lina upana wa sentimita 183 na urefu wa 122. Kipa akisogea mbele kidogo na kusimama katika pembe sahihi, mpigaji huona nafasi finyu sana. Kwa hiyo kipa aliyejipanga vyema huonekana kama hafanyi lolote, kwa kuwa kisahani humgonga kifuani. Anayeruka na kushangiliwa mara nyingi anasahihisha kosa lake mwenyewe. Tazama pia baada ya kuzuia: je, amekisukuma pembeni, au amemrudishia adui mbele ya lango?

Nilidhani sasa nimejua. Nikauliza kama basi umbo zuri ndilo kipimo. Mzee akacheka, akanitajia Dominik Hasek wa Cheki. Mwaka 1983 alichaguliwa na Chicago akiwa wa 199, na mwaka 1992 klabu hiyo ikamwachia Buffalo. Aligaagaa barafuni, akalala chali, hata akaitupa fimbo yake ili adake kwa mkono wa pili. Waliopenda umbo la vitabuni waliona vurugu. Lakini katika Olimpiki ya Nagano, mwaka 1998, aliwazuia Wakanada wote watano katika mapigo ya kuamua mshindi wa nusu fainali, kisha Cheki ikaifunga Urusi 1-0 na kutwaa dhahabu. Ndani ya vurugu ile mlikuwa na akili iliyousoma mchezo mapema kuliko wengine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nesi wa zahanati isiyo na dawa, karani wa dirishani, mwalimu wa darasa lililofurika: hawa wote husimama langoni. Kosa lililoanzia mbali, kwa waliopoteza mpira katikati ya uwanja, huandikwa kwa jina lao kwa kuwa wao ndio wa mwisho kuonekana. Sisemi kipa hakosei. Wapo wazembe, na yatupasa kuwaambia. Nasema tuhesabu mashuti kwanza.

Baada ya kikao nilikwenda kuuliza. Yule kijana alikuwa amebebeshwa darasa la mwenzake aliyeondoka, juu ya lake, katikati ya muhula, bila msaidizi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Nimemwandikia mwenyekiti nikiomba shauri lifunguliwe upya, na nimekiri kwamba nilinyamaza nilipopaswa kusema. Bado sijajibiwa. Nimemwandikia pia kijana mwenyewe, na barua hiyo ndiyo iliyoniwia ngumu zaidi kuiandika.