Ufunguo Nyuma ya Pazia

Nyumba niliyokulia, nje kidogo ya mji wa Sengerema kwenye njia ya kwenda Busisi, haikuwa na kufuli hata moja. Mlango wa mbao tuliuzuia kwa gogo lililopita kwenye matundu mawili ya ukutani, na kulipachika ilikuwa kazi yangu kila usiku, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala karibu na mlango. Ulinzi hasa ulikuwa nje. Baba aliizungushia kaya yote minyaa, akaipanda karibukaribu hata kuku alihangaika kutafuta pa kupenya. Mgeni wa usiku akijipenyeza humo, matawi yanakatika na utomvu mweupe unamrukia. Ukimwingia machoni, hana tena habari ya kuiba, anatafuta maji. Ukimwagikia nguo, doa halitoki kwa sabuni. Mbuzi akipotea, wazee hawakuanza na maswali. Walianza kwa kuangalia mashati.

Minyaa ilimtosha mwizi wa kuku. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Ndipo sungusungu wakazuka huko Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiitwa kwa jina la wale chungu weusi wanaotembea kwa mistari na kung'ata kwa pamoja. Walipofika kwetu nilikuwa darasa la tatu. Kila mwanamume akawa na upinde, mishale na filimbi, na kila mtu, mpaka sisi watoto, akafundishwa mwano. Mwano ni yowe la kuita msaada. Ukiusikia, unatoka hata kama unaumwa. Asiyetoka alipigwa faini, na akirudia alitengwa: hapewi moto, hasalimiwi, na msiba wake anauzika mwenyewe.

Nyumba yetu ilipata zamu yake msimu mmoja wa kiangazi. Mayu, yaani mama yangu, aliamshwa na sauti ya maji yakitiririka ukutani, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Wezi walikuwa wanailowesha tofali mbichi ilainike, ili jembe lisitoe sauti. Akapiga mwano. Mimi nikarukia lile gogo, lakini mikono ilitetemeka na gogo likang'ang'ania kwenye matundu yake. Bado nahangaika nalo, jirani yetu mmoja, Mzinza mrefu sana, akatokea katikati ya nyumba, upinde mkononi, udongo kichwani. Wezi walikuwa wamekimbia, na yeye alikuwa ameingia kwa tundu lao. Tulicheka siku nyingi. Baba aliliziba tundu lile kwa matope, na kiraka chake kilionekana mpaka nyumba ilipobomolewa.

Lakini sitaki mtu anisimulie sungusungu kwa sifa tupu. Niliona mtu akipigwa mbele ya shule yetu kwa ng'ombe ambaye baadaye alipatikana amepotelea kwenye zizi la shemeji yake. Vikongwe nao walianza kuogopa usiku, maana mikutano ya kutafuta wezi ilichelewa kidogo tu kugeuka mikutano ya kutafuta wachawi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu nafasi kisheria, lakini kufikia hapo baba alikuwa ameshachoka na zamu za usiku. Alisema anataka kitu kisichohitaji mkutano. Akanunua kufuli.

Miaka ya 1990 sangara walileta fedha. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Mwanza, magari ya barafu yakawa yanakesha ziwani, na mvuvi aliyeuza vizuri alirudi nyumbani na noti kwenye mfuko wa rambo. Benki ilikuwa mbali. Noti zililala chini ya godoro, ndani ya kihenge, kwenye mtungi, na mwizi alizijua sehemu zote tatu. Watu wakaacha matope wakajenga kwa tofali za kuchoma, kwa hiyo ukuta haukutobolewa tena. Mwizi akahamia mlangoni. Alikuja na jiwe kubwa linalobebwa na watu wawili au watatu, wakalirusha kwa pamoja mpaka mlango ukaanguka ndani na fremu yake. Jiwe hilo Watanzania wanaliita fatuma, na nawaomba radhi akina Fatuma wote, sikulibatiza mimi. Fatuma ndiye aliyeleta grili za chuma mbele ya milango, grili zikaleta nondo madirishani, nondo zikaleta ukuta wenye vipande vya chupa juu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2008 fedha zikaanza kuhamia kwenye simu, nikadhani nondo nazo zitapungua. Ziliongezeka.

Nilipojenga kwangu, mjini Sengerema, niliweka vyote. Nondo za milimita 12 kila dirisha, hata lile dogo la choo. Grili mbili, geti la bati nene, kufuli tano. Mayu alipokuja kuiona aliizunguka yote kimya, kisha akauliza, "Na mwano mtaupigia wapi?" Nikamjibu kwamba siku hizi kuna simu.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo saa nane, na friji ikashika moto. Niliamshwa na moshi, si mwanga. Mke wangu aliwachukua watoto akawalaza sakafuni, mimi nikaenda kwenye grili ya sebuleni, na ufunguo haukuwepo mahali pake. Ulikuwa mfukoni mwa suruali, suruali ilikuwa kwenye kamba jikoni, na jiko ndilo lililokuwa linawaka. Nikarudi chumbani nikashika nondo za dirisha. Nilikuwa nimemlipa fundi zaidi ili azizamishe sana ukutani. Alikuwa ameifanya kazi yake kwa uaminifu.

Hapo nikapiga mwano. Sikuwa nimeupiga kwa zaidi ya miaka 20, na ulitoka kama nilivyofundishwa. Majirani walikuja, ila walisimama nje ya geti. Niliwasikia wakilitikisa, nikasikia mmoja akijaribu kupanda ukuta na kurudi chini akilaani zile chupa zangu. Kisha kukawa kimya, nikadhani wameondoka. Walikuwa wamekwenda kutafuta fatuma. Lilipiga geti mara tatu, likaja kwenye grili, likapiga tena, na vijana wanne walioingia nalo walikuwa wanahema kama wametoka kuvuta nyavu. Tulitoka wote. Nyumba ilipoteza jiko na nusu ya dari.

Wiki ileile nilimwita fundi wa kuchomelea akate nondo za dirisha moja kila chumba cha kulala, aziunganishe kwenye fremu yenye bawaba, na aweke kufuli upande wa ndani. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Mzee, watu wananiita kufunga. Wewe unaniita kufungua?" Nikamwonyesha dari. Akaanza kukata bila neno jingine.

Sasa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limefunguliwa tangu Juni 2025, na mtaani kwetu kuna hofu mpya. Zamani mwenye mzigo wa wizi alilazimika kusimama na mzigo wake kwenye foleni ya kivuko, machoni pa watu. Leo anavuka kwa dakika chache. Kwa hiyo majirani wananunua kamera, mmoja ameweka nyaya za umeme juu ya ukuta, na kundi la WhatsApp la mtaa linajaa jumbe kila mbwa anapobweka. Siwalaumu. Hata mimi nimeongeza taa ya sola getini.

Lakini kwangu funguo za madirisha zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, kimo cha mtoto. Mjukuu wangu wa miaka 6 analifungua dirisha la chumba chake gizani kabla sijamaliza kuhesabu hadi ishirini. Nawe kama umefunga nondo nyumba nzima, usiku wa leo zima taa, kisha mwambie mdogo kuliko wote akuletee ufunguo.