Maharage ya Bondeni



Wapendwa wasomaji, tumerejea parokiani baada ya likizo ya mwezi mmoja nyumbani kwetu Kasulu, na wengi wenu mmekwisha kutuuliza habari za huko. Habari ni njema, ingawa si zote. Tumelima, tumepika, tumekula pamoja na ndugu ambao hatukuwa tumeketi nao tangu mazishi ya baba, tena tumebishana. Hatupendi kuwasimulia habari za kula tukaficha za kubishana, kwa maana katika nyumba nyingi za nyanda hizi mambo hayo mawili huiva katika chungu kimoja.

Kwa msomaji asiyeifahamu nchi yetu, Kasulu na Kibondo ziko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mbali na joto la Ziwa Tanganyika. Kiangazi chetu huingia mwezi wa Mei ukielekea kwisha, nacho hudumu hadi Septemba. Usiku wake una baridi, asubuhi ukungu hulala mabondeni, na mchana majani ya mlimani hukauka yakawa kama yamepitiwa na moto. Mgeni akipita barabarani angedhani kwamba mkulima amepumzika. La hasha! Mahindi yakiisha kuvunwa mlimani, kazi hushuka bondeni, ambako udongo mweusi hubaki na unyevu hata mvua ikiwa imekatika miezi mitatu. Huko ndiko hupandwa maharage ya kiangazi, kabichi, vitunguu, nyanya chungu na mchicha. Maharage yaliyopandwa Juni huvunwa Septemba, na sehemu ya mavuno hayo hupandwa mlimani mvua zikirudi. Kwa hiyo bonde ni chakula cha kiangazi, tena ni ghala la mbegu. Mwenye bonde hapigi hodi kwa jirani kuomba mbegu. Msomaji alishike jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotuletea mabishano.

Bonde la mama yetu si kubwa. Ukisimama ukingo mmoja ukaita, aliye ukingo wa pili hukuitikia bila kupaza sauti. Babu alilifungua aliporudi kutoka Tanga alikokwenda kukata mkonge, kama walivyofanya Waha wengi sana wa kizazi chake, ambao mashamba ya mkonge yaliwaita manamba. Miaka ya 1970, watu wa Kigoma walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, familia nyingi ziliacha mashamba yao yakawa mahame. Sisi tulijaliwa, kwa kuwa kijiji kilipimwa karibu, na mama aliweza kushuka bondeni na kupanda kila siku akiwa na jembe begani. Ameshuka na kupanda hivyo miaka zaidi ya hamsini. Sasa magoti yamechoka.

Basi mwaka huu tulikutana karibu wote. Kaka mkubwa alileta mkewe na watoto kutoka Dar es Salaam kwa gari moshi, wakipitia Tabora hadi Kigoma, kisha wakapanda milima kuja Kasulu. Dada yetu alitoka Kibondo na watoto wake wawili, na dumu la asali ya misitu ya huko, asali nyeusi yenye harufu ya moshi. Zamani safari ya kutoka Kibondo ilikuwa ya vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Lami imewapunguzia wasafiri adha hiyo. Shangazi alifika siku ya pili, na baba mdogo, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya kwetu, alishuka kila jioni wakati ambapo, kwa bahati ambayo haikumkosa hata mara moja, chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Tuseme kidogo juu ya chakula hicho. Shemeji yetu wa Dar es Salaam alikuja na mtungi mdogo wa gesi, zawadi kwa mama. Mama alishukuru kwa dhati, akauweka mahali pa heshima, akautumia kwa chai tu. Kuhusu maharage alisema, “Haya yatamaliza mtungi kabla hayajalainika.” Kwa hiyo yaliendelea kuchemka juu ya mafiga matatu, katika chungu kilichowekwa motoni adhuhuri kwa ajili ya chakula cha usiku. Chumvi haitiwi mapema. Yakiisha kuiva, mawese huchemshwa pembeni pamoja na kitunguu mpaka harufu ya ubichi itoke, ndipo humiminwa juu yake, na chungu chote hugeuka rangi ya machweo. Sombe, ambayo wenzetu wengine huiita kisamvu, watoto wa mjini waliitwanga wenyewe katika kinu. Siku ya kwanza walichoka kwa dakika tano, siku ya nne walikuwa wakigombea mchi. Kukiwa na mgebuka mkavu wa Kigoma, jioni hiyo ilikuwa sikukuu. Ugali ulikuwa wa muhogo, mweupe na unaovutika, na mtoto mmoja wa kaka aliuliza kwa upole kama wa sembe upo. Haukuwapo. Juma la pili alikuwa akiongezewa.

Huyo huyo, mwenye umri wa miaka tisa, alikabidhiwa tuta lake bondeni. Bibi alimwambia mbegu mbili kila shimo. Yeye alitia tano, akiamini kwamba mkono mkunjufu huvuna zaidi. Mama hakumkemea wala hakuzing'oa. Alisema tuta lenyewe litamfundisha. Miche ilipoota imesongamana, mtoto aliomba mwenyewe ruhusa ya kuipunguza, akaing'oa mmojammoja kwa uchungu kana kwamba anaizika.

Lakini aliyelilima bonde hilo kwa hakika ni dada. Ni mjane mwaka wa tatu sasa. Baada ya mumewe kufariki huko Kibondo, ndugu wa mume waliyatwaa mashamba, wakamwachia nyumba. Tangu hapo kila kiangazi huja Kasulu, huinua matuta ya mama, hupanda, humwagilia kwa ndoo, hupalilia, kisha hurudi Kibondo na mbegu na magunia machache ambayo watoto wake huishi kwayo. Tulipofika sisi wenye likizo, matuta yalikuwa yamekwisha kuinuliwa. Tulichofanya ni kumsaidia mtu aliyekwisha kufanya kazi.

Jumapili ya tatu, baada ya chakula, baba mdogo alisafisha koo. Baba yetu alifariki bila kuacha wosia, alisema, na si vizuri mali ya marehemu ikae bila mwenyewe. Bonde ligawanywe kwa watoto wa kiume, vipande vitatu. “Na wewe, Padre,” akatugeukia, “huna mtoto. Kipande chako kirudi kwa ukoo.” Juu ya dada alisema bila ukali, tena kwa huruma ya kweli, kwamba mwanamke huolewa, na akiolewa tena atalipeleka bonde kwa watu wengine.

Wapendwa, tusimwone mzee huyu kuwa mtu mbaya. Alilolisema ndilo alilofundishwa, na kwa muda mrefu hata maandishi ya serikali yalimuunga mkono. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory wa Mkoa wa Kagera, jirani zetu wa kaskazini, ambaye alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, akashtakiwa na mwana wa ndugu yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mila ya kumzuia mwanamke peke yake ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Hayo tuliyaeleza. Baba mdogo alisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri mvua ipite.

Tukahamia kwenye Maandiko, tukidhani kwamba huko tuko nyumbani. Tulimkumbusha binti za Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, ambao baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, wakasimama mbele ya Musa kudai urithi, na Mungu akasema wanena haki. Tulisahau kwamba mbele yetu ameketi katekista mstaafu. “Padre,” akasema, “endelea mbele. Soma na ya 36.” Watu walicheka, na alistahili kicheko hicho, kwa maana katika sura ya 36 wazee wa kabila wanaleta hofu ile ile ya baba mdogo: binti hao wakiolewa nje, urithi utahama. Nao wakasikilizwa, binti wakaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Tulijibu kwamba hata hivyo hakuna aliyewanyang'anya. Walibaki na urithi wao. Alikubali hilo, ila kwa kutikisa kichwa tu.

Kaka mkubwa, ambaye ni mtu wa hesabu, alileta jambo la mtaro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, na kijito chetu kinapita pale chini. Tukikata vipande vitatu sambamba na kijito, aliuliza, atakayeangukiwa na kile cha chini atalima wapi? Mwaka huu tayari dada ameyaacha matuta mawili ya mwisho, matete yameanza kurudi. Bonde hili, likigawanywa, halimtoshi hata mmoja.

Ndipo mama akasema. Alikuwa akichambua maharage katika ungo na hakuinua macho. “Shemeji, mimi nilizaliwa katika ukoo huu?” Baba mdogo akajibu kwamba hapana. “Niliolewa, nikaletwa. Nimelilima bonde hili tangu wewe hujaoa. Mbona hukuogopa kula maharage ya mtu wa ukoo mwingine?”

Hakuna aliyecheka safari hii. Shangazi alitoka nje kutazama moto ambao haukuhitaji kutazamwa. Sisi tuliokwenda seminari tulikuwa tumetumia sheria mbili, hukumu moja na kitabu cha Hesabu, na hakuna kilichofika hapo alipofika mama na ungo wake. Mila inayomwogopa mwanamke aletaye ukoo wa nje imelishwa, vizazi vyote, na wanawake waliotoka nje.

Juu ya kipande chetu tulitoa jibu siku ile ile. Sisi mapadre wa jimbo hatuweki nadhiri ya ufukara kama watawa, na kwa haki tungeweza kudai. Tulisema kipande hicho kiende kwa yule anayelilima bonde. Kaka mkubwa aliona hivyo hivyo kuhusu chake, baada ya kutazamana kwanza na mkewe, jambo ambalo tuliliona kuwa la busara. Mdogo wetu wa mwisho yuko Mwanza na aliulizwa kwa simu. Alitaka kujua kama ataendelea kuletewa maharage. Akahakikishiwa.

Basi tulikubaliana kwamba bonde lisikatwe. Tutaomba katika Halmashauri ya Kijiji hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina la mama na la dada pamoja, ili dada asibaki akilima kwa hisani ya kaka zake. Hisani ni kitu chema, lakini hufa pamoja na mwenye kuitoa, na sisi sote tutakufa. Mtendaji alitushauri tuambatanishe muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za wazee. Shangazi ameweka dole gumba. Baba mdogo amesema atafikiri.

Tuliondoka Kasulu kabla ya mavuno. Wiki iliyopita dada alitupigia simu kwamba maharage yamepigwa na kupepetwa, na tuta la yule mtoto, pamoja na msongamano wake wote, limetoa sahani moja na nusu, ambazo zimefungwa katika kitambaa zikisubiri mtu wa kwenda Dar es Salaam. Alipeleka debe moja kwa baba mdogo, kama mama alivyokuwa akifanya kila mwaka. Mzee alilipokea, akaliweka ndani, hakusema neno juu ya karatasi. Siku ya pili mjukuu wake alilirudisha debe. Ndani yake mlikuwa na muhogo mkavu, umejaa hadi ukingoni.

Sahihi bado. Tutakwenda tena wakati wa Noeli, Mungu akitujalia, na tutawaarifu.