Mchezaji Aliyekataa Kuuzwa



Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani na jezi nyekundu ya Cardinals, timu ya mji wetu huu wa St. Louis. Wakati wa mapumziko akaniuliza, "Mwalimu, mchezaji wa besiboli aliyemaliza mkataba, anayeweza kwenda timu yoyote anayotaka, kwa Kiswahili anaitwaje?" Nikamwambia, "Mchezaji huru." Akacheka. "Huru? Kwani zamani walikuwa wamefungwa?"

Muda ukaisha, sikumjibu. Leo namjibu, nanyi wengine msome, maana sehemu kubwa ya jibu lake ilianzia hapa hapa mjini kwetu.

Besiboli ya kulipwa ni ya siku nyingi. Timu ya kwanza kutangaza wazi kwamba wachezaji wake wanalipwa mshahara ilikuwa Cincinnati Red Stockings, mwaka 1869. Miaka 7 baadaye ikaundwa Ligi ya Taifa. Wenye timu hawakupenda kuona mchezaji hodari akimaliza mwaka anahamia kwa anayelipa zaidi. Kwa hiyo mwaka 1879 walipatana kwamba kila timu iwashikilie wachezaji wake 5, na timu nyingine zisiwaguse. Baadaye ikawa ni wachezaji wote, na jambo hilo likaandikwa ndani ya mkataba.

Sikilizeni lilivyofanya kazi. Mkataba ulikuwa wa mwaka 1. Kipengele kimoja kilisema kwamba mchezaji na timu wasipoelewana, timu inaweza kuuongeza mkataba ule ule kwa mwaka mwingine. Wenye timu wakakitafsiri hivi: mkataba ukiongezwa, kipengele hicho nacho kimeongezwa. Basi mwaka ukazaa mwaka, mpaka mchezaji anazeeka. Timu iliweza kumuuza. Yeye akikataa, aache besiboli.

Habari za Curt Flood nilisimuliwa na mgonjwa wangu mmoja, mzee asiyepata usingizi, nikiwa zamu ya usiku. Flood alikuwa kijana mweusi aliyekulia Oakland, California. Alichezea Cardinals misimu 12, akatwaa nao ubingwa mwaka 1964 na 1967. Mwezi wa 10 mwaka 1969 aliambiwa kwamba amepelekwa Philadelphia. Hakuulizwa.

Mwezi wa 12 alimwandikia barua Bowie Kuhn, mkuu wa besiboli nchini. Alimwambia kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuzingatia anachotaka, na akaomba timu nyingine zijulishwe kwamba yuko tayari kusikiliza. Kuhn alikataa. Wakati huo Flood alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana kwa siku zile. Mtangazaji wa televisheni alipomuuliza analalamika nini, alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Sisi wa pwani tunalijua neno hilo lina uzito gani.

Alikwenda mahakamani. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kubwa mwaka 1947, alikuja kumtolea ushahidi. Wachezaji waliokuwa bado kazini hawakuonekana. Kila mmoja aliogopea mkate wake. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilimshinda kwa kura 5 kwa 3. Majaji wenyewe walikiri kwamba kinga ya kisheria waliyopewa wenye timu tangu 1922 ni jambo lisilo la kawaida, lakini wakasema kuiondoa ni kazi ya Bunge. Flood alikuwa ameshapoteza msimu mzima wa 1970. Mwaka 1971 alirudi uwanjani kwa michezo 13 tu, kisha akaacha.

Lakini chama cha wachezaji, chini ya Marvin Miller, hakikulala. Kilikuwa kimeshapata haki ya kupeleka malalamiko kwa msuluhishi asiye wa upande wowote. Mwaka 1975 Andy Messersmith wa Los Angeles alicheza msimu mzima bila kusaini mkataba mpya. Msuluhishi akasoma kile kipengele, akasema: mwaka 1 maana yake ni mwaka 1. Basi. Mlango ukafunguka.

Wenye timu walilia kwamba besiboli itakufa. Haikufa. Leo mshahara wa wastani katika ligi kubwa umepita dola milioni 4 kwa mwaka, na Juan Soto alisaini na New York Mets mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15. Timu nazo zinaendelea kutajirika kwa televisheni na tiketi. Flood hakuzionja fedha hizo. Alifariki mwaka 1997. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria yenye jina lake.

Yule mzee alipomaliza kunisimulia, nilikwenda kusimama kidogo kwenye korido. Mimi nililetwa Marekani na wakala wa wauguzi. Mkataba wangu niliusaini Dar es Salaam, kurasa nyingi za Kiingereza, kila mahali palipowekwa alama ya kalamu. Sikuusoma. Nilipofika hapa, mwanangu akiwa mdogo, nikaomba nitolewe zamu za usiku. Wakala wakanionyesha kipengele: nitafanya kazi nitakayopangiwa kwa miaka 3, na nikiondoka kabla ya hapo nitalipa fidia ambayo sikuwa nayo hata robo. Nikanyamaza nikamaliza miaka yangu. Mwanangu alizoea kulala bila mimi. Hilo halilipiki.

Wazazi wenzangu, msisaini kitu msichokielewa, hata kama anayewapa kalamu anatabasamu.

Nanyi wanangu, Kiingereza chenu kimetupita sisi wazazi wenu. Mtoto anaweza kusoma mkataba wa nyumba au wa kazi ya mama yake. Lakini kama hawezi kumweleza kwa Kiswahili, mama atasaini gizani kama nilivyosaini mimi. Ndiyo maana nawaamsha Jumamosi asubuhi mkiwa na usingizi.

Kwa wiki ijayo jifunzeni maneno haya: mkataba, kipengele, saini, fidia, msuluhishi. Kila mmoja amwombe mzazi wake karatasi moja aliyowahi kusaini, asome naye ukurasa wa kwanza, kisha aje atueleze kwa Kiswahili inasema nini.

Na wewe wa jezi nyekundu, ndiyo, walikuwa wamefungwa. Kamba yenyewe ilikuwa sentensi moja.

Mwalimu wenu wa Jumamosi