Mbachao na Msala

Kujenga kitu kipya ni kazi ngumu. Lakini kukitengeneza kitu ambacho watu wangali wakikitumia ni kazi ngumu zaidi. Wenye majahazi walilijua jambo hili zamani. Chombo kilichovuja hakikutiwa kalafati katikati ya mkondo. Kilingoja bamvua, kikapandishwa pwani, maji yakatoka, na mafundi wakapata saa chache za kuziba nyufa kabla maji hayajarudi. Programu kubwa za kompyuta, zile zitumiwazo na ofisi nzima au nchi nzima, zina hali kama hiyo, ila maji yake hayakawii kurudi. Asubuhi kila karani huketi mahali pake na kutaka kazi iendelee.

Mfano ulio karibu ni DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Iliandikwa kwa lugha ya Java, ikaanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006, na Zanzibar nayo huitumia kukusanya takwimu za afya za Unguja na Pemba. Programu hii huja imefungwa katika faili moja, kama nazi katika pakacha. Ndani ya seva, programu nyingine iitwayo Tomcat hulifungua pakacha hilo na kuwahudumia watu. Takwimu zenyewe hukaa kando, katika hifadhidata. Toleo jipya likitoka, takwimu hunakiliwa, Tomcat husimamishwa, faili la zamani huondolewa, jipya huwekwa mahali pake, kisha Tomcat huanzishwa tena. Hapo programu mpya hubadili majedwali ya hifadhidata ili yalingane nayo. Hatua hii ndiyo ya hatari, maana majedwali yakisha kubadilika, toleo la zamani halirejeshwi juu yake. Njia ya kurudi ni moja tu, nayo ni ile nakala.

Kijana mmoja wa Amani, aliyekaa jirani na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1970, alikuwa mwangalizi wa seva ya ofisi moja iliyokuwa na programu ya namna hii. Kazi aliijua, na kwa kuwa aliijua hakuona haja ya kuiandika. Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, aliketi nyumbani mbele ya kompyuta yake kuingiza toleo jipya. Uwanjani palikuwa na mechi, vigelegele vilisikika mpaka barazani, na moyo wake ulikuwa na haraka. Hatua zilikuwa kumi, naye alitimiza tisa. Aliyoisahau ilikuwa ile ya kunakili. Programu mpya ilianza kubadili majedwali, ikakwama katikati, na alfajiri ilipoingia hapakuwa na ya zamani wala mpya iliyofanya kazi. Nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Asubuhi alifika ofisini kabla ya wote, isipokuwa karani mmoja mzee wa masijala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo si wa mtu aliyelala."

Kijana aliungama yote, naye alingoja lawama. Mzee hakulaumu. Alifungua kabati, akatoa madaftari ambayo aliendelea kuyajaza kwa kalamu kila siku, ingawa vijana wa ofisi walimcheka kwa ajili hiyo. Kwa siku nne walikaa pamoja, mmoja akisoma, mwingine akiandika, hata wiki tatu zilizopotea zikarudi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," mzee alisema walipomaliza. "Lakini msala ni mzuri, mwanangu. Utandike, ila mbacha usiutupe kabla hujaswali."

Kijana angeweza kujifunza woga, na kuiacha programu ichakae. Lakini programu isiyotengenezwa huoza kama mbao zilizosahauliwa kalafati, na nyufa zake huwa mlango wa wezi. Kwa hiyo alichagua jambo jingine. Aliziandika hatua zote kumi kwa msimbo, ili seva itende yenyewe yale ambayo mtu mwenye haraka husahau. Amri ya kwanza ilikuwa kunakili takwimu. Ya pili ilikuwa kuifungua nakala hiyo katika seva nyingine, kwa maana nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Moja ikishindwa, yote yasimame hapo, na programu ya zamani isiguswe. Kila hatua iliyokwisha iliwekewa alama, kwa kuwa Unguja haikusahau Desemba 2009, umeme utokao Bara ulipokatika usirudi mpaka Machi 2010. Na kazi iliyokatizwa lazima ijulikane ilikomea wapi.

Hata hivyo msimbo nao si mwalimu, ni mtumwa. Hulitii kosa kama unavyolitii jambo la haki, tena kwa kasi ambayo mkono haupati. Kwa sababu hiyo kijana alimpa mwenzake ausome, naye akaona amri mbili zilizopishana mahali. Waliujaribu katika seva ya kando mara kadhaa kabla ya kuugusisha ile ya kazi.

Siku ya kazi yenyewe ilipofika, mambo yalikwisha kabla chai haijapoa. Asubuhi makarani walikuta kila kitu walivyokiacha, na hapana aliyemshukuru kijana, kwa kuwa hapana aliyejua. Abiria hamsifu fundi wa kalafati. Hufika Pemba miguu mikavu, akaenda zake. Mzee wa masijala aliendelea kujaza madaftari yake, wala kijana hakumwambia aache.